Sanduku la rilei: umeme ugawanywe vipi ndani?

Maswali ya wasomaji safari hii yote yanahusu masanduku ya kuongozea umeme ambayo watu wanajitengenezea nyumbani. Ndani yake mna rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo. Kabla hujashika bisibisi, zima breka kuu, kisha pima kwa mita uhakikishe umeme haupo. Testa peke yake usiiamini.

Shikamoo fundi. Nina rilei 4 kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga: ya taa, ya feni, ya mota ya kugeuza mayai na ya kengele. Waya wa moto unaoingia ni mmoja. Nimeusokota pamoja na waya 4 za rilei, nikafunga tepu. Inafaa? (Morogoro)

Marahaba, kijana wangu. Haifai, na nakuomba uifungue leo. Mashine hiyo ina joto la nyuzi 37 na unyevu usiku na mchana. Tepu haidumu humo. Niliwahi kufungua sanduku kama lako. Tepu ilikuwa imeachia, gundi imechuruzika, shaba imekuwa nyeusi, na plastiki ya waya ilivunjika nilipoigusa kwa kucha. Taa zilikuwa zinawaka na kuzima, mwenyewe ameshabadilisha rilei 2 bure. Rilei zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa pale kwenye msokoto: waya zikilegea panapata joto, na joto linazidi kuzilegeza.

Nunua terminali za skrubu, zile zinazopachikwa kwenye reli. Moto ukitoka kwenye breka uingie terminali ya kwanza, na terminali 4 zinazofuata ziunganishwe nayo kwa kipande chao cha shaba kinachouzwa pamoja nazo. Kila moja itoe waya wake kwenda COM ya rilei yake (sehemu umeme unapoingilia), na kutoka NO (sehemu inayopata umeme rilei ikivuta) ndipo uende kwenye kifaa. Nyutro, waya wa umeme kurudi, isipite kwenye rilei hata moja. Itoke kwenye breka hadi kwenye baa ya nyutro, na kila kifaa kirudi hapo kwa skrubu yake. Ukikata nyutro badala ya moto, taa itazima lakini holda itabaki na umeme, nawe utaingiza mkono ukidhani pako salama.

Wapo wanaoruka kutoka COM ya rilei ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu. Inafanya kazi, ila skrubu ya kwanza inabeba mzigo wa wote, na ikilegea hiyo moja vyote vinazimika. Mayai yanakaa humo siku 21. Mimi siwezi kuyaweka rehani kwa skrubu moja.

Jambo dogo: ncha za waya wa nyuzi nyingi usizipake risasi kabla ya kuzibana. Risasi ni laini, inabonyea polepole chini ya skrubu, na kiungo kinalegea. Tumia vile vifuniko vidogo vya chuma vya kubana kwa koleo.

Nina breka ya 10A mlangoni mwa sanduku. Bado nahitaji fyuzi ndani? (Tanga)

Inategemea waya. Fyuzi kwanza inalinda waya. Kama ndani umetumia milimita 1.5 za mraba kila mahali, breka hiyo inatosha. Ukitoa kijiwaya cha 0.5 kwenda kwenye feni, kinaweza kuungua kabla breka haijashtuka. Kiwekee fyuzi yake ya 1A au 2A.

Rilei zangu 8 zikivuta pamoja, bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayoziamuru) inajizima na kuwaka upya. Nimebadilisha programu mara nyingi. (Mwanza)

Programu yako haina kosa, ndugu yangu. Koili (waya uliozungushwa unaoivuta swichi) ya ile rilei ndogo ya bluu ya volti 5 inakula kama miliampea 70. Zidisha kwa 8 upate 560, na tundu la USB la kawaida la kompyuta linatoa 500. Volti zinaanguka, bodi inazima. Rilei zipe pawasapulai yake ya volti 5, 2A. Moduli nyingi za rilei 8 zina kijumpa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa) kilichoandikwa JD-VCC: kitoe, pawasapulai mpya iingie JD-VCC (chanya ya koili) na GND (hasi), na bodi ibaki kwenye VCC (chanya ya bodi) na waya za amri tu. Waya hizo nyembamba zipitishe upande wake, mbali na za volti 230.

Rilei imeandikwa 10A, pampu yangu ya hospawa 1 inakula 5A. Mbona imeganda, pampu haizimi? (Kahama)

Hiyo 5A ni pampu ikishashika mwendo. Inapoanza inavuta mara 5 hadi 7 ya hapo, yaani 25A hadi 35A kwa muda mfupi, na cheche hiyo ndiyo iliyochomelea midomo ya rilei. Funga kontakta, yaani rilei kubwa ya kubebea mota, yenye koili ya volti 230. Rilei ndogo iwashe koili tu, kontakta ibebe pampu. Ongeza na overlodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, maana pampu ikikwama bila hiyo utaunguza mota.

Sanduku ni la bati. Ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) nifunge wapi? (Dodoma)

Kwangua rangi hadi bati ling'ae, funga kwa boliti na washa ya meno. Mlango nao uwe na waya wake laini wa kijani na njano kutoka kwenye boliti hiyo hiyo. Bawaba usizitegemee, zina rangi na kutu.