Saratani ikifika kwenye tezi ya adrenali: uliza haya kabla na baada ya mionzi ya kulenga

Ukiambiwa saratani ya mgonjwa wako imefika kwenye tezi ya adrenali, kabla ya kuuliza imebaki miezi mingapi, uliza imefika wapi kwingine. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mionzi ya kulenga, yaani mionzi mikali inayoelekezwa kwenye uvimbe wenyewe, itamfaa. Kaka yangu mkubwa alikuwa na saratani ya mapafu. Dawa zilikuwa zimeituliza kifuani, na kipimo cha PET, picha inayoonyesha saratani inakua wapi mwilini, kikaonyesha sehemu moja tu inayokua, tezi ya kushoto. Kwa sababu ilikuwa moja tu, daktari wa mionzi alikubali kumpokea.

Tezi hizi ni mbili, ndogo, kila moja imekaa juu ya figo. Saratani ya mapafu huzipenda sana, na ya figo na ile ya ngozi iitwayo melanoma pia. Lakini si kila uvimbe wa hapo ni saratani iliyosambaa, kwani watu wengi wana uvimbe usio na madhara bila kujua. Kwa hiyo uliza wamehakikisha vipi. Na wakitaka kuchoma sindano ya kutoa kinyama, uliza kama damu au mkojo umepimwa kwanza homoni za adrenalini. Kuna uvimbe wa tezi hii ambao ukiguswa na sindano hupandisha presha ghafla hadi kuhatarisha maisha.

Wazo kwamba saratani iliyosambaa sehemu chache inaweza kushambuliwa mojamoja liliandikwa na Samuel Hellman na Ralph Weichselbaum mwaka 1995. Utafiti uitwao SABR-COMET, uliochapishwa mwaka 2019, ulilijaribu kwa wagonjwa 99 wenye sehemu 1 hadi 5. Nusu ya waliopata mionzi ya kulenga juu ya tiba ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 41. Kwa waliopata tiba ya kawaida peke yake ilikuwa miezi 28. Watatu kati ya 66 waliopigwa mionzi hiyo walifariki kwa madhara yake. Nayaweka yote mawili hapa kwa sababu familia ina haki ya kuyajua yote mawili.

Mionzi ya kawaida huchukua wiki kadhaa, dozi ndogondogo. Hii ya kulenga huwa mara chache, nyingi zikiwa 3 hadi 5, na kila dozi ni kubwa. Ndiyo maana maandalizi yana kazi kuliko tiba yenyewe. Kaka alilazwa juu ya mto maalumu, wakaufyonza hewa mpaka ukakakamaa kwa umbo la mgongo wake, mikono ameinua juu ya kichwa. Akafungwa mkanda unaobana tumbo apumue kwa juujuu, kwa sababu tezi hupanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Mashine ya CT ikampiga picha akiwa anapumua, ili wajue uvimbe unasogea kiasi gani. Mgonjwa mwenye bega bovu aseme mapema. Kukaa mikono juu kwa muda mrefu ni mateso, na akitikisika kazi inaanza upya. Mfanyisheni mazoezi nyumbani, alale chali mikono juu, apumue polepole.

Tezi ya kushoto imepakana na tumbo la chakula, ya kulia iko karibu na ini na utumbo mwembamba. Kaka aliambiwa aje bila kula saa chache kabla, akaandikiwa na dawa ya kupunguza asidi. Msiipuuze hiyo dawa kwa sababu hana kiungulia. Kazi yake ni kuzuia vidonda.

Kuhusu pesa, ombeni bei ya tiba nzima, pamoja na CT ya kupanga na vipimo vya baadaye.

Sasa linalonikereketa zaidi. Tezi hizi ndizo zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Moja ikipigwa mionzi, nyingine kwa kawaida hubeba kazi. Zikipigwa zote mbili, au kama ya pili nayo ina saratani, kotisoli inaweza kuisha hata miezi mingi baadaye. Baadhi ya dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumab, nazo zinaweza kuleta shida hiyo hiyo. Dalili zake ni uchovu usioisha, kizunguzungu akisimama, kichefuchefu, kukonda, hamu ya chumvi. Kila mtu nyumbani atasema "ni saratani tu". Msikubali. Ombeni damu ya asubuhi ipimwe kotisoli.

Akianzishwa haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, asiache hata siku moja bila daktari, na mwambieni daktari awaandikie dozi ya siku za homa, kwa kuwa huongezwa. Akitapika dawa haikai tumboni. Huyo apelekwe hospitali haraka kwa sindano, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba tezi zake za adrenali hazifanyi kazi.