Maswali na Majibu: Mlinzi wa Duka na Rungu Lake

Swali: Mimi ni mlinzi katika supamaketi moja mjini Mombasa, na nimeajiriwa kupitia kampuni ya ulinzi. Tulipoanza kazi kila mmoja wetu alikabidhiwa rungu la mti, lakini hakuna aliyetueleza litumike lini. Juzi kijana alitoka mbio na pakiti mbili za maziwa ya unga, nikamkamata mlangoni bila kumpiga. Msimamizi alinifokea mbele ya wateja, akaniuliza rungu nimepewa la nini, na akaonya kwamba bidhaa zikipotea tena nitakatwa mshahara. Je, nilitakiwa kumpiga? (Mlinzi, Mombasa)

Jibu: Ndugu mlinzi, hukutakiwa kumpiga, na ulivyofanya ndivyo sheria ya Kenya inavyotaka. Kifungu cha 34 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kama la wizi, na kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kifungu cha 21 kinaongeza kwamba mshukiwa akikataa kukamatwa, nguvu zinazotumika zisizidi zile zilizo za lazima. Kijana aliyekwisha kushikwa, naye hapigani, hahitaji pigo hata moja; ukimpiga hapo unakuwa umemwadhibu, na kuadhibu ni kazi ya mahakama peke yake.

Rungu ulilopewa ni la kujikinga na kumkinga mwenzako au mteja anaposhambuliwa. Tuseme mtu amechomoa kisu karibu na meza ya malipo. Kwanza rudi nyuma, mwamuru kwa sauti akitupe, waondoe wateja karibu naye na uite msaada. Akikujia na huna pa kukimbilia, rungu lililoshikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua litakusaidia kumsukuma mbali nawe, na ikibidi kupiga, piga paja au sehemu nene ya juu ya mkono, penye nyama. Kichwa, shingo, uti wa mgongo na eneo la figo ni sehemu za kuepuka kabisa, isipokuwa pale ambapo maisha yenyewe yamo hatarini na hakuna njia nyingine. Pigo la kichwa linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu bila jeraha kubwa kuonekana nje, na mtu aliyetembea kwa miguu yake hadi kituoni akazimia saa kadhaa baadaye. Kisu kikishaanguka, au mtu akishageuka kukimbia, haki yako ya kupiga imekwisha, hata kama hasira zako bado hazijatulia.

Msimamizi wako angefaa kujua pia gharama ya anachokuagiza. Mtu aliyeumizwa akijaziwa na daktari fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kueleza majeraha, fomu hiyo huwa ushahidi, na kamera za duka huonyesha ni nani aliyeinua rungu. Chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kumshambulia mtu na kumjeruhi kunaweza kukupeleka jela miaka 5, na kwa madhara makubwa kifungu cha 234 kinafika kifungo cha maisha. Mwajiri anaweza kudaiwa fidia, lakini kizimbani utasimama wewe, na kusema kwamba uliagizwa hakutakuokoa.

Kuhusu mshahara, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mlinzi aliyekuwa macho kazini, akazidiwa mbio na mwizi, hajafanya kosa la makusudi. Inaniuma kuona walinzi wakisukumwa kuvunja mifupa ya watu kwa hofu ya kulipia maziwa ya unga. Omba agizo la matumizi ya rungu kwa maandishi, na vitisho vya makato vikiendelea, nenda katika ofisi ya kazi ya kaunti.

Jambo moja zaidi: umati ukianza kumzingira mshukiwa uliyemkamata, mwingize ndani, fungeni mlango na muwaite polisi. Akiwa mikononi mwako, usalama wake ni jukumu lako. Kisha andika tukio lote katika kitabu cha matukio, uombe picha za kamera zihifadhiwe, na uchukue kituoni nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha polisi.

Swali: Rungu langu lina kitanzi cha kamba, nami hukizungusha kwenye kifundo cha mkono ili lisinyakuliwe. Mwenzangu anasema ni hatari. Nani kati yetu amekosea? (Mlinzi, Nakuru)

Jibu: Mwenzako anasema kweli. Mtu mwenye nguvu akilishika rungu huku kamba imekubana, atakuvuta nalo popote atakapo, nawe huwezi kuliachia. Litundike kwenye mshipi upande wa mkono usioutumia sana, ulichomoe kwa mkono wenye nguvu, na unapozungumza na mteja mikono yako iwe mitupu. Kila unapoingia zamu likague lisiwe na ufa wala msumari uliochomoza, na likiwa bovu lirudishe kwa msimamizi upewe jingine.