Dereva, mwili wako huumia zaidi gari likiwa limesimama

Juzi dereva mmoja kijana amenitumia ujumbe. Aliteguka kifundo cha mguu akishuka kwenye lori, daktari akampa mapumziko, na aliporudi kazini msimamizi wake akamwambia hiyo haiwezi kuhesabiwa ajali ya kazini kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa na injini imezimwa. "Shikamoo kaka, hivi ni kweli?" ndivyo alivyoniuliza.

Si kweli, mdogo wangu. Sheria nyingi za fidia kwa wafanyakazi huuliza mambo mawili: je, jeraha limetokana na kazi, na je, ulikuwa kazini lilipotokea? Hakuna anayeuliza kama magurudumu yalikuwa yanazunguka. Dereva anapanda, anashuka, anafunga turubali, anakagua tairi, anaunganisha tela, anasubiri kupakiwa. Yote hayo ni udereva, na huko ndiko madereva wengi ninaowafahamu walikoachia magoti, viuno na vidole vyao.

Jambo hili linanigusa, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kwa urefu.

Niliendesha malori ya masafa marefu miaka mingi kabla ya kukabidhiwa kazi ya kufundisha madereva wapya. Kuna gari moja nililopangiwa ambalo kiti chake kilikuwa kimekufa. Kilikuwa kiti cha upepo, na mfuko wake ulikuwa umepasuka, kwa hiyo kilikaa chini kabisa na kila shimo la barabarani lilinipiga moja kwa moja kwenye pingili za mgongo. Jioni ya kwanza nikaandika kwenye kitabu cha ubovu: kiti hakishiki upepo, kinagonga chini. Nikamfuata fundi aweke saini. Akaniambia gari linatembea, breki zinashika, taa zinawaka, sasa kiti kina shida gani? Lakini saini aliweka. Safari iliyofuata nikaandika tena. Na iliyofuata. Pale ofisini nikapewa sifa ya dereva mlalamishi, na safari nzuri zikaanza kwenda kwa wengine.

Mguu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi nikaenda kwa daktari. Alinieleza jambo ambalo kila dereva anastahili kulielewa. Mtikisiko wa gari unaoingia mwilini kupitia kiti kwa saa nyingi, mwaka baada ya mwaka, unachosha misuli ya mgongo na kuharibu zile gegedu zilizo katikati ya pingili. Huuoni ukitokea. Huna damu, huna kidonda, na siku maumivu yakija utaambiwa ni uzee.

Na kweli niliambiwa hivyo. Ofisi ilisema mgongo wangu ni wa umri, hauhusiani na gari lao. Nilichofanya ni kuweka mezani nakala za yale maandishi yangu, kila moja ikiwa na tarehe na saini ya fundi. Chumba kizima kilinyamaza. Kiti kikabadilishwa, matibabu yakalipwa. Samahani sikuombwa, na mpaka leo naliona hilo ni deni. Ila najivunia kalamu yangu, kwa sababu wenzangu walioumia viti vilevile bila kuandika waliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia tena huko mbele: andika. Kama kila ubovu unaishia mdomoni, siku ya siku hakuna atakayekumbuka ulisema.

Sasa turudi kwenye kushuka garini, maana ndiko kulikomwumiza kijana wetu. Mtazame dereva aliyechoka anapofika. Anafungua mlango, simu iko mkono mmoja, karatasi za mzigo ziko mkono mwingine, uso umeelekea nje, kisha anaruka. Ameketi saa kadhaa, magoti yamekakamaa, soli za viatu zina mafuta, na ardhi anayoirukia hajaiangalia. Mimi namfundisha kila mgeni hivi: geuka, uso uelekee gari kama wakati wa kupanda. Katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika au vimekanyaga muda wote. Shika vishikio vya gari. Usishike ukingo wa mlango, kwa sababu mlango unayumba. Vitu vya mkononi viache kwenye kiti, ushuke, kisha uvichukue ukiwa chini. Na pete vua. Ukiruka huku pete imenasa kwenye ndoano au kishikio, uzito wako wote unaning'inia kwenye kidole kimoja, na ngozi yake inaweza kuchunika mpaka kwenye mfupa.

Walinicheka sana kwa kushuka taratibu. Wengi wa waliocheka leo wanapanda ngazi kwa kujivuta.

Ukishatua, usikimbilie mzigo. Baada ya kukaa muda mrefu mgongo bado haujawa tayari kuinama na kunyanyua. Lizunguke gari kwanza, ukague tairi na taa, unyooshe kiuno, kisha ndipo ushike kamba na maboksi. Dakika chache tu zinatosha, na gari linakuwa limekaguliwa.

Milango ya nyuma ya tela nayo ina mambo yake. Mzigo huhama njiani na kuegemea mlango. Fungua upande mmoja tu kwanza, taratibu, wewe ukiwa umesimama nyuma ya mlango huo, usijiweke kwenye njia ya kitakachoanguka.

Kuhusu tairi nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimemzika mtu kwa ajili yake. Tairi la lori likiwa limejaa upepo limebeba nguvu ya kuua. Rimu za vipande, zile zenye ringi ya kufungia, zikifyatuka huruka kwa kasi ambayo hakuna kichwa cha binadamu kinachoihimili. Tairi lililotembea muda mrefu likiwa na upepo mdogo huenda nyuzi zake za ubavuni zimeshakatika kwa ndani. Ukilijaza upepo bila kulifungua na kulikagua, ubavu unaweza kupasuka ghafla. Lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojifunga chenyewe kwenye nozeli, na wewe ukae mbali na pembeni, usielekeane na ubavu wake. Kama hapo gereji hakuna kizimba, hiyo kazi si yako. Mwache mwenye gari achukie.

Halafu kuna gari linaloanza kutembea lenyewe. Dereva ameshuka kuunganisha mipira ya upepo kati ya kichwa na tela, hakuvuta hendibreki kwa sababu "ni dakika moja tu", na upepo ukiingia breki za tela zinaachia. Gari linasogea, yeye yuko katikati. Vuta breki, zima injini, chukua ufunguo, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha ndipo uingie pale kati. Na likishaanza kuondoka, liache liende. Usilikimbilie kurukia ndani, usijaribu kulizuia kwa mwili wako. Bampa linanunulika.

Mkanda sina haja ya kuueleza sana. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa wanaokaa mbele mpaka nusu, na ukubwa wa lori haubadilishi chochote pale linapobiringika na dereva kurushwa nje. Funga.

Usingizi ndio unaonifanya nipaze sauti. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula karibu mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4 tu, umeshakwenda karibu mita 90 bila dereva. Watafiti walishaonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kufikia wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na katika nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho askari atakushusha kwenye usukani. Kahawa na muziki wa sauti ya juu vinakudanganya tu. Dawa ya usingizi ni kulala.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 153 mwaka 1979 mahususi kwa ajili ya madereva wa barabarani: usiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, na jumla isizidi saa 9 kwa siku. Si kila nchi imeuridhia, na sheria ya nchi yako inaweza kuwa na hesabu zake, kwa hiyo isome. Lipo na la mwaka 1981, mkataba namba 155, linalosema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi kuamini maisha au afya yake iko katika hatari kubwa ya papo hapo alindwe asiadhibiwe. Ndugu zangu madereva, haya hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Yaliandikwa kwa ajili yenu, na ninyi hamyasomi. Mnajua bei ya kila tairi na hamjui haki ya mgongo wenu! Acheni kushukuru kwa kupewa gari bovu. Acheni kuitana waoga.

Na wewe kijana uliyeniandikia, usiku wa leo kaa chini uandike: tarehe na saa, mahali gari lilipoegeshwa, ngazi ilikuwa na hali gani, kishikio kilikuwepo au kiling'oka zamani, mvua ilikuwa inanyesha au hapana, nani alikuona, daktari alisema nini. Piga picha ile ngazi kabla hawajaitengeneza. Toa nakala mbili, moja umpe msimamizi akusainie kuwa ameipokea, nyingine ibaki nyumbani kwako, isikae garini. Akikataa kusaini, andika chini yake kwamba amekataa, na saa aliyokataa. Kisha uende nayo ofisi ya kazi au kwa chama chenu cha wafanyakazi kabla muda wa kutoa taarifa haujapita, maana muda huo upo na hausubiri mguu upone.