Kaya tatu, laini moja ya intaneti: ruta zifungweje?

SWALI: Tuko kaya tatu ndani ya uzio mmoja na tunachangia faiba ya Mbps 20. Ruta iko sebuleni kwa mwenye nyumba. Nimenunua yangu, nikaichomeka kwa waya kutoka kwake. Tangu hapo intaneti inakatika kwetu sote. Halafu printa yake inaonekana kwenye simu yangu! Tufanyeje?
Mpangaji, Tabata

JIBU: Ndugu mpangaji, angalia tundu ulilochomeka waya. Nyuma ya ruta kuna matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani), kwa kawaida manne, na moja la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje), mara nyingi la rangi tofauti. Inaelekea waya umeuweka LAN. Hapo ruta mbili zinagawa anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa, kwenye mtandao mmoja: simu ya jirani ikipewa anwani na ruta yako, inatafuta intaneti kupitia kwako, na WAN yako iko tupu.

Chomoa waya huo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, badili anwani yake ya LAN iwe 192.168.20.1, halafu unganisha simu upya. Jirani naye, kwenye ruta yake, aweke 192.168.30.1. Usiruke hatua hii: ruta nyingi hutoka dukani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na namba zikifanana ndani na nje, ruta haijui ipeleke data upande gani. Sasa chomeka waya kwenye WAN, uchague DHCP, yaani ruta yako ipewe anwani yenyewe.

Printa haitajitokeza tena kwenye orodha yako, lakini anayejua anwani yake bado ataifikia. Ruta yako inakulinda wewe. Haimlindi mwenye nyumba, kwa kuwa data zenu zote zinapita kwenye mtandao wake. Kwa hiyo naye anahitaji ruta yake, 192.168.10.1, na vifaa vyake vyote vihamie huko. Ile ya kampuni ya intaneti, iliyoko sebuleni sasa, ibaki kugawa tu: zima waifai yake, badili nywila ya kuingilia mipangilio. Ni gharama ya ruta moja zaidi, na hapa hatushauri kubana matumizi.

Kwenye ruta hiyo ya kampuni, kama inaruhusu, ipangieni kila ruta anwani isiyobadilika na kikomo cha Mbps 10, ili anayepakua filamu asiwafungie wengine. Waifai za 2.4 GHz ziwekeni kwenye chaneli 1, 6 na 11, kila kaya yake.

Waya wa mtandao uwe wa daraja la Cat5e, wa shaba halisi, usizidi mita 100, na wa nje uwe wa kuhimili jua. Kama ni majengo tofauti, afadhali faiba, maana shaba hupitisha radi ikaunguza ruta za pande zote.

Someni pia mkataba wa laini. Baadhi ya kampuni haziruhusu kuchangia na jirani. Na mwenye kamera anayotaka kuifikia akiwa mbali ajue kwamba huenda poti (mlango wa data ndani ya ruta) ikabidi ifunguliwe kwenye ruta mbili: yake na ile ya kampuni.