Maswali ya ngozi: DNA ya samaki, piko, na mkorogo ule ule

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kitu kimoja: DNA ya salmoni. Imo kwenye seramu, imo kwenye krimu, imo kwenye maski za uso, na kila muuzaji ana hadithi yake. Nimechagua barua chache. Ndefu nimezikata, na majina ya waandishi nimeyaondoa, nimebakiza mahala wanapotoka. Jibu langu linafuata kila barua.

Nimenunua seramu ya DNA ya salmoni kwa shilingi 90,000. Muuzaji kaniambia inafufua ngozi kwa siku 14. Sasa siku ya 18 sioni tofauti, makovu ya chunusi yapo pale pale na uso unaniwasha nikitoka juani. Nimeuziwa feki? Usiku naendelea na krimu yangu ya kawaida ya kuchanganyiwa. (Bububu)

Huenda si feki. Tatizo lako limo katika sentensi ya mwisho, ile uliyoiandika kama jambo dogo. Nitaifikia.

Kitu hichi ni vipande vya vinasaba vinavyotolewa kwenye shahawa za samaki wa jamii ya salmoni na trauti, vikasafishwa mpaka protini zikaondoka. Jina lake ni polidioksiribonukleotidi, nasi tuseme PDRN kama wanavyosema wenyewe. Kazi yake ni ya kweli. Ikifika kwenye ngozi iliyo hai hugusa kipokezi cha adenosini kinachoitwa A2A, kama kitasa kwenye ukuta wa seli, na hapo uvimbe hutulia, mishipa midogo ya damu huchipua, na seli zinazofuma kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, huchangamka. Tena vile vipande huvunjwavunjwa, na seli inayojitengeneza huviokota na kuvitumia kama malighafi. Haviingii kubadilisha vinasaba vyako, kwa wale watatu walioniuliza hilo.

Lakini nimesema *ikifika*. Ushahidi wenye nguvu ni wa sindano. Ngozi isiyo na jeraha ina tabaka la juu la seli zilizokufa, zimepangwa kama makuti kwenye paa, na kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Wataalamu wa dawa za kupaka wana kipimo chao tangu mwaka 2000: chembe inayozidi uzito wa daltoni 500 hupita hapo kwa shida kubwa. Chembe za PDRN huanzia kama daltoni 50,000 na kufika 1,500,000. Ukiipaka juu ya uso mzima, nyingi hubaki juu, inashika maji na kulainisha. Hilo si bure, lakini kufufua ngozi ni jambo jengine. Na kabla hujaniandikia tena: usinunue kile kigurudumu cha miiba ukajitoboa mwenyewe chumbani ili ipite. Kutoboa ngozi ni kazi ya mtu aliyesomea, kwa vifaa visivyo na vijidudu na dawa iliyotengenezwa kuingia mwilini. Seramu ya chupa ya kawaida haikutengenezwa hivyo.

Siku 14 nazo ni ahadi ya uongo. Ngozi ya juu ya kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, na umri ukisogea huchukua muda zaidi. Kolajeni mpya huhesabiwa kwa miezi.

Sasa ile krimu ya kuchanganyiwa. Bibie, ule ni mkorogo. Mara nyingi ndani mna steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe kama klobetasoli au betamethasoni, mna haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na mara nyengine zebaki. Steroidi inazilaza zile zile seli za kolajeni ambazo asubuhi unataka kuziamsha kwa seramu ya elfu tisini. Fundi mmoja anakalafati jahazi ubavu huu, mwenzake anatoboa ule. Huko kuwasha juani ni dalili ya ngozi iliyokondeshwa. Seramu iweke kabatini, haitaharibika kesho. Soma barua ya tatu.

Tumesikia inatoka kwenye manii ya samaki. Inafaa kuswali nayo? (Tunguu)

Hukumu kamuulize sheikh wako, mie si mwanachuoni. Ninachoweza ni kukupa maelezo ya kumpelekea: asili yake ni samaki, na siku hizi zipo pia zinazotolewa kwenye mimea kama waridi na jinsengi. Kitu cha kuchunguza zaidi kwenye boksi ni kolajeni na jelatini. Hizo huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na lebo aghlabu haisemi.

Niliacha mkorogo wiki moja, uso ukavimba, ukawa mwekundu na kuwaka moto. Nikaurudia. Kuna seramu ya kujenga ngozi itakayonisaidia kuacha? Na vifundo vya vidole mbona vinazidi kuwa vyeusi? (Kiembesamaki)

Wanaoniuliza mkorogo gani ni salama siwajibu tena. Hakuna. Nimeliandika hilo mara nyingi na sitalibadilisha kwa sababu kopo limekuja na picha mpya. Wewe umeuliza namna ya kuacha, na swali hilo nitalijibu kila litakapokuja.

Kilichokupata ni ngozi kudai steroidi iliyozoeshwa. Wengi hurudi kwenye kopo siku hiyo hiyo wakidhani mkorogo ulikuwa unawalinda. Usijaribu tena peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi, na uchukue kopo lenyewe, usilionee haya. Ataweza kukushusha kidogo kidogo kwa dawa dhaifu zaidi badala ya kukuangusha ghafla. Wakati huo uso wako uuguze kwa vitu vichache: maji, sabuni isiyo kali, krimu yenye glisirini na panthenoli isiyo na manukato, mafuta ya mgando usiku, na kinga ya jua mchana. Wacha vitamini C, wacha kusugua, wacha singo, wacha hata hiyo salmoni. Itakuwa wiki, pengine miezi. Kuna siku utajiona mbaya kuliko ulivyokuwa. Siku hizo hupita.

Weusi wa vifundo: haidrokwinoni ikitumika muda mrefu, hasa juani, huweza kuacha rangi ya bluu-nyeusi ndani ya ngozi, na rangi hiyo kuiondoa ni vigumu sana. Kila ukizidisha mkorogo kuifuta, unaizidisha. Hakuna seramu ya kuirekebisha huku unaendelea kupaka.

Na hili hukuliuliza, lakini wenye watoto wachanga walisikie. Zebaki haibaki usoni pako. Inaingia mwilini, inaumiza figo, inapita kwa mimba, na inamfikia mtoto kupitia mikono yako, taulo na mto. Lebo ikiandika mercurio au calomel, hiyo ni zebaki. Kopo lisilo na lebo kabisa lipeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Usimpe shoga yako amalizie.

Naweza kutumia ute wa konokono wa shambani kwetu? Wa dukani ghali. (Mahonda)

Usithubutu. Konokono wakubwa wa shamba huweza kubeba vijidudu na minyoo inayoshambulia ubongo. Ute wa dukani unatokana na konokono wa kufugwa na umechujwa.

Kabla ya harusi ya dada yangu tulijipamba piko. Siku ya tatu mikono ikatoa malengelenge kwa mchoro ule ule wa maua. Yamepasuka yakakauka, sasa nina maua meupe yasiyotoka. Kuna krimu ya kurudisha ngozi? (Mtoni)

Pole sana. Mwaka juzi binti wa dada yangu aliingia ukumbini na glavu kwa sababu hiyo hiyo, na picha zake zote za harusi ni za glavu. Kwa hiyo nisamehewe nikilisema jambo hili kwa ukali.

Weupe kwanza. Mara nyingi seli za rangi hazijafa, zimeshtuka tu, na rangi hurudi yenyewe kwa miezi kadhaa. Krimu yenye panthenoli au dondoo za mmea wa sentela inatosha kuituliza ngozi. Ikinge na jua. Usisugue liwa wala singo juu yake, na usipake mafuta ya karafuu: yana yujenoli kwa wingi, na yakiwa hayajachanganywa yanaunguza hata ngozi nzima, sembuse hii. Mwenye malengelenge mapya yeye aende kwa daktari mapema. Pengine atapewa steroidi ya siku chache, na hapo ndipo mahala pake halali: kwa ugonjwa unaojulikana, kwa kipimo, kwa muda uliowekwa.

Piko si hina. Ni rangi ya nywele ya unga, na ndani mna kemikali ya parafenilenidiamini. Nchi za Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele, na kuipaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Huku kwetu inakorogwa kwa macho tu. Mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Miaka kumi kutoka leo ukipaka nywele rangi yenye kitu hicho, uso unaweza kuvimba hadi macho yafunge. Mwambie kila msusi atakayekushika kichwa, kabla hajafungua boksi.

Makungwi na wapambaji wetu nawaheshimu, ndio walioshika urembo wa visiwa hivi. Nawaomba wamwambie bi harusi ukweli: hina ya majani hutoka kuanzia rangi ya chungwa hadi damu ya mzee, na haiwi nyeusi kama lami. Akitaka nyeusi, anachoomba ni rangi ya nywele.

Navaa baibui na ushungi, uso tu ndio uko nje. Kinga ya jua ya nini? (Jang'ombe)

Ya huo uso. Tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na weusi unaobaki baada ya chunusi hukolezwa na jua kila siku. Kwa ngozi zetu chagua yenye rangi ya ngozi ndani, ile ya oksidi ya chuma, kwa sababu inazuia na mwanga wa kawaida ambao nao hukoleza madoa.

Nimelima mwani Jambiani tangu ujana. Sabuni ya mwani tunawaambia wageni inatibu ngozi, na wanangu wanataka tutengeneze krimu ya makovu. Mie mwenyewe visigino vimepasuka mpaka vinatoa damu. Mwani unatibu kweli?

Bi mkubwa, nakuamkia, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuuza.

Mwani mnaoulima, spinosum na cottonii, una ute unaoitwa karajinani. Ute huo ndio unaonunuliwa na viwanda vya nje tangu kilimo hichi kilipoanza pwani yenu mwaka 1989. Unazipa krimu uzito, unashika maji, unaacha ngozi laini. Hayo ni ya kweli na yanauzika, yaandikeni kwenye karatasi ya sabuni bila wasiwasi. Kutibu makovu msiandike. Sabuni hukaa mwilini dakika moja ikaoshwa, na mgeni mwenye kovu akiamini maneno yenu ataacha kutafuta dawa. Jina zuri la wanawake wa mwani limejengwa kwa miaka mingi ya kuinama majini.

Visigino: usiku viloweke maji ya uvuguvugu dakika kumi, futa, paka krimu yenye yuria kama asilimia 20 pale pasipo na damu, na juu yake mafuta ya mgando, kisha soksi za pamba hadi asubuhi. Penye damu paka mafuta ya mgando peke yake mpaka pafunge. Majini vaa viatu vya mpira. Na ukipata nafasi kituo cha afya, pima sukari. Visigino vinavyopasuka namna hiyo wakati mwengine ndivyo vinavyoisema.

Nilitoga tundu la pili sikioni, limeota nundu gumu linakua. PDRN italiponesha? (Fuoni)

Hapana, na elewa kwa nini. Hapo ngozi haikushindwa kujitengeneza. Imezidisha, inaendelea kufuma kolajeni bila kusimama, na wewe unataka kuihimiza zaidi. Daktari wa ngozi ana sindano ya kulituliza, na zipo bandeji za silikoni. Usikubali likatwe tu bila mpango wa matibabu ya baadaye, hurudi kubwa zaidi. Na usitoge tena popote.

Mama yangu ana sukari. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, wiki ya tano sasa, ila hakimuumi. Nimesoma PDRN inaponesha vidonda vya sukari. Nimeagiza krimu ya uso yenye hiyo PDRN kutoka Unguja, itafika Wete Alkhamisi. Apake mara ngapi? (Wete)

Mwanangu, usiisubiri Alkhamisi.

Ulichosoma kina ukweli ndani yake. Upo utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2014: wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya miguu walichomwa sindano za PDRN kwa wiki 8, na karibu 37 katika kila 100 vidonda vyao vilifunga kabisa, dhidi ya kama 19 katika kila 100 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ni tofauti kubwa. Lakini zilikuwa sindano, mikononi mwa madaktari, na hata hivyo zaidi ya nusu havikufunga katika muda huo. Krimu uliyoagiza ni ya uso. Aghlabu huwa na manukato, na haikutengenezwa kuingia kwenye kidonda kilicho wazi.

Kilichonitisha katika barua yako ni "hakimuumi". Mguu wenye sukari usiouma ni mguu ambao mishipa yake ya fahamu imekwisha kufa ganzi. Anakikanyaga kutwa nzima na hajui. Kidonda hicho kinataka sukari ishushwe, nyama iliyokufa iondolewe, usaha utazamwe kama umefika kwenye mfupa, damu ipimwe kama inafika vidoleni, na uzito wa mwili uondoke juu yake. Hakuna krimu inayofanya hata moja katika hayo.

Mpeleke hospitali leo, pesa ya krimu iwe ya gari. Asikikanyagie, asitembee peku hata ndani ya nyumba. Usimwage unga wa vidonge, wala majivu, wala bizari. Kifunike kwa shashi safi tu. Ukiona weusi, harufu au homa, usingoje kuche. Na mkifika, mwambie muuguzi autazame na mguu wa pili.