Kwa nini Photoshop haiji Linux

Mkuu, umeuliza kwa nini kampuni ya Adobe hawaileti tu Photoshop, programu yao ya kuhariri picha, kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, ili ofisi yako ya mabango pale Mlango Mmoja, Mwanza, iachane na Windows. Hesabu za picha zenyewe huhama bila tabu kubwa. Kinachotesa ni vile vyote ambavyo programu huviazima kwa mfumo endeshi: madirisha, fonti, rangi za skrini, mawasiliano na printa.

Tazama mwaka 2008. Photoshop CS4 ilitoka na toleo la biti 64 (linaloweza kutumia kumbukumbu kubwa zaidi ya kompyuta) kwa Windows pekee. Watu wa Mac, ambako programu hii ilianzia mwaka 1990, walisubiri hadi CS5 mwaka 2010, kwa sababu Apple waliacha mpango wa kuifikisha Carbon, zana zao za zamani za kujengea programu za Mac, kwenye biti 64, ikabidi Adobe wahamie Cocoa, zana zao mpya. Na hapo wateja wa kulipa walikuwepo tele! Corel nao walileta CorelDRAW 9, programu yao ya michoro, kwenye Linux mwaka 2000 kwa kutumia Wine (inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux), kisha wakaacha.

Kwa hiyo usisubiri. Weka Inkscape (ya michoro), Krita (ya kuchora na kupaka rangi) na Scribus (ya kupanga kurasa) kwenye hiyo hiyo Windows yako kwanza, uzifanyie kazi za wateja. Zote zipo pia Linux, na mafaili yako yatafunguka kule. Ila mashine nyingi za mabango huja na programu ya kuchapia ya Windows tu, kwa hiyo bakiza kompyuta moja ya kuchapia na uipelekee PDF kutoka Scribus, ambayo inaimudu CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia) vizuri.