Miezi mitatu natibiwa UTI kumbe ni sukari

Juzi dada mmoja wa Ngarenaro kanitumia meseji ndefu WhatsApp, anasema anatibiwa UTI mara ya nne tangu Machi, dozi inaisha tatizo liko palepale, akimuuliza daktari anaambiwa anywe maji mengi. Nimeisoma nikiwa kibandani kwangu Memorial, wateja wanachambua blauzi mbele yangu, machozi yakanitoka. Yule dada ni mimi kabisa wa mwaka juzi.

Kwangu ilianza mwezi wa kumi. Usiku naamka kukojoa mara nne, mara tano, mume wangu akadhani mimba na mimi nina miaka 41. Nikaenda kituo kimoja hapahapa Moshi, jina naliacha, nikakaa foleni toka saa moja asubuhi mpaka saa sita kasoro, kwa daktari nikakaa dakika tatu. Hakuniangalia usoni. Anaandika huku anauliza, unakojoa sana eeh, panauma, kidogo, haya nenda kapime mkojo na Widal, kile kipimo cha taifodi. Majibu yakarudi UTI na taifodi. Nani hapa mjini hajawahi kuambiwa ana UTI na taifodi? Nikapewa sipro nikameza zikaisha.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi, safari hii nikachomwa sindano za masaa mpaka makalio yakafa ganzi. Sketi zikaanza kunivuka, toka kilo 74 nikawa na 63, wenzangu sokoni wananisifia nimepungua. Kiu ndo usiseme. Na kwa sababu sina nguvu, nesi mmoja akanishauri nikoroge glukosi ya unga ninywe asubuhi na jioni. Nikanunua pakti kwa pakti. Yaani nilikuwa najimiminia sukari juu ya sukari na nalipa hela yangu.

Mara ya tatu nikajikaza nikamwambia, daktari, shikamoo, naomba tupime na kitu kingine. Akaweka kalamu chini. "Mama, wewe ndo daktari au mimi?" Na mlango uko wazi, foleni yote inasikia. Nilitoka pale nimeinama. Mpaka leo nikipita ile barabara nageuza uso.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Krismasi tulipanda Kibosho kama kawaida, choo kiko mbali na giza limeingia, nikajisaidia pale migombani. Asubuhi naenda kumwamkia nakuta ameinama palepale anaangalia chini, sisimizi wamejaa kama mtu amemwaga soda. Akaniuliza nani amekojoa hapa. Nikaona aibu lakini nikasema ni mimi mama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, marehemu baba yenu alianza hivihivi. Shuka mjini ukapime sukari."

Nikashuka. Tone moja la damu kidoleni, mashine ikahesabu sekunde chache, 19.4. Kwa mtu mwenye dalili kama zangu, 11.1 tu saa yoyote ya siku inatosha kuitwa kisukari. Nikamtafuta daktari mwingine, binti mdogo tu, naye akanikalisha akanieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu figo zinashindwa kuirudisha, inatoka na mkojo na inavuta maji, ndo maana nakojoa na ndo maana kiu haiishi. Akasema hata hiyo UTI inawezekana nilikuwa nayo kweli maana vijidudu na fangasi wanaipenda sana sehemu yenye sukari, ila walikuwa wanatibu moshi moto umeachwa. Na Widal akaniambia inaweza kusoma hata kwa sababu uliumwa taifodi zamani.

Kisha akaniomba karatasi zangu za nyuma. Bahati nilikuwa nimezitunza kwenye mfuko wa rambo. Tukazipanga mezani zote tatu. Kwenye fomu ya mkojo kuna mstari wa glukosi. Mtupu. Mara zote tatu mtupu, wameangalia kwa darubini tu, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinachoonyesha sukari hakuna aliyekigusa. Nilitembea na jibu kwenye mfuko miezi mitatu.

Kwa hiyo ndugu zangu, karatasi ya majibu ni yako. Iombe, isome mstari kwa mstari, palipo patupu uliza kwa nini patupu. Usiogope kuuliza. Nunua daftari la kaunta, andika tarehe, umepimwa nini, umepewa dawa gani, umepona au hujapona, halafu daktari akikuuliza fungua daftari. Dozi ya pili ya ugonjwa uleule ikikushinda usikubali ya tatu kabla hujauliza ni kitu gani hakijapimwa. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Akikufokea tafuta mwingine. Sisemi uache hospitali ukanunue dawa za unga stendi, hapana, mimi nameza metformin yangu, dawa ya sukari, kila siku na kliniki siruki. Nasema mwili ni wako, yeye ana wagonjwa sabini nje, wewe unao huo mmoja. Wanawake hasa tumezoea kuitikia tu ndiyo daktari, ndiyo daktari, tunarudi nyumbani na mfuko wa vidonge hatujui ni vya nini. Tuache.

Leo asubuhi nimepima nyumbani, 6.3, nimeiandika.

Dada yangu wa Ngarenaro, kesho usinywe chai. Nenda maabara mapema hujala kitu toka usiku, waambie unataka sukari ya kabla ya kula. Ikifika 7.0 au zaidi rudia siku nyingine, na uombe na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Karatasi zako zote nne beba. Halafu nipigie, hata nikiwa na wateja nitapokea.